Sheria ya uhamiaji ya Palestina iliishia wapi baharini?

SWALI: Nasoma shahada ya sheria. Sheria ya uhamiaji ya koloni ni ya nchi ile tu. Ilikuwaje manowari za Uingereza zikamate meli za wahamiaji wa Kiyahudi mbali na pwani ya Palestina? Na wizara za London zilivutana kwa lipi?

JIBU: Zilivutana kwa sababu kila wizara ilikuwa na hasara yake ya kuogopa.

Wizara ya Makoloni ndiyo iliyosimamia Palestina, eneo la udhamini wa Shirikisho la Mataifa kama Tanganyika yetu. Ililinda waraka wa serikali ya Uingereza wa Mei 1939: wahamiaji 75,000 kwa miaka 5, kisha hakuna tena bila ridhaa ya Waarabu. Wizara ya Mambo ya Nje ilikikubali kikomo hicho, ila yenyewe ndiyo ingejibu malalamiko ya nchi ambayo meli yenye bendera yake imeguswa. Nje ya London nako hawakuimba wimbo mmoja. Desemba 1941 balozi wa Uingereza Ankara aliwadokeza Waturuki kwamba abiria wa Struma, meli ya wakimbizi wa Kiyahudi, wakiachwa wapite, huenda wakapokewa kwa utu ingawa hawana vibali. Waziri wa Makoloni, Lord Moyne, alikasirika. Waturuki waliivuta meli hadi Bahari Nyeusi bila injini inayofanya kazi, na tarehe 24 Februari 1942 nyambizi ya Kisovieti ikaizamisha. Alipona mtu mmoja.

Wanamaji nao walikuwa na hesabu yao. Mamlaka ya pwani yaliishia maili 3 za baharini, kama kilomita tano na nusu. Meli ya mwendo wa noti 12, yaani maili 12 za baharini kwa saa, huzimaliza kwa dakika 15, kisha inapanda ufukweni makusudi na abiria wanatawanyika. Kurukia meli iliyojaa watu, kupigana hadi kwenye usukani na kuigeuza kwa muda huo ni kutafuta vifo. Kwa hiyo walitaka kuanza mapema, bahari kuu. Huko chombo kiko chini ya nchi ya bendera yake, na hapo ndipo Mambo ya Nje walipokunja uso.

Kesi ya kusoma ni ya meli Asya, iliyokamatwa mwaka 1946 kama maili 100 kutoka Jaffa. Haikuwa na bendera. Ilipofuatwa ikapandisha ya Uturuki, kisha ikaishusha na kupandisha ya Kizayuni. Mwaka 1948 Baraza la Mfalme (Privy Council), lililopokea pia rufaa za mwisho za Afrika Mashariki, liliamua kuwa meli isiyo na taifa haina wa kuitetea bahari kuu, na utaifishaji wake Palestina ukasimama.

Usiinyooshe hukumu hiyo kupita kiasi. Exodus, meli nyingine ya wahamiaji, iliyovamiwa Julai 1947 nje ya zile maili 3 ikiwa na watu zaidi ya 4,500, ilikuwa imesajiliwa Honduras. Kwa hiyo kabla ya kupima umbali, uliza kwanza meli ilikuwa ya nani.