Mwanangu hufundishwa kutamka akiwa juu ya mpira: je, ni tiba au ni mchezo?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu ana miaka saba na yuko mwaka wa pili wa shule ya msingi. Ana kithembe: akisema "sukari", ulimi humtoka katikati ya meno, na wenzake humcheka. Shuleni kwao huja ortofonisti, yaani mtaalamu wa kurekebisha matamshi, na nilipopita kutazama nilimkuta mwanangu ameketi juu ya mpira mkubwa, mwenzake amelala kifudifudi kwenye mkeka, na wa tatu amesimama kando ya meza. Baba yake anasema huo ni mchezo tu. Je, kuna faida, na je, tununue mpira kama ule? Mama wa Katuba, Lubumbashi.

JIBU: Mama, baba ana haki ya kuuliza, ingawa alichokitaja siyo mchezo. Sauti hutoka na pumzi, na pumzi hutegemea jinsi kiwiliwili kilivyokaa. Madawati mengi ya shule zetu yametengenezwa kwa kipimo kimoja, hivi kwamba mtoto wa mwaka wa pili huning'iniza miguu, huteleza mbele, hupandisha mabega ili asianguke, na taya humkaza bila yeye kujua. Hali ikiwa hiyo, kumtaka aupeleke ulimi mahali padogo nyuma ya meno ya juu ni kumwonea. Kwa hiyo kabla ya mpira, tazameni miguu: nyayo zikanyage kitu kigumu, magoti na nyonga vikunjwe karibu na pembe mraba. Matofali mawili ya kuchoma yaliyoviringishiwa kipande cha kitenge yanatosha kabisa.

Swali ambalo ningemwuliza ortofonisti ni hili: mtoto amefika hatua gani? Katika sauti ya "s", kingo za ulimi hugusa magego ya juu, na katikati hubaki mfereji mwembamba wa kupitishia hewa. Mtoto ambaye bado anautafuta mfereji huo ningemketisha kwenye kiti kisichoyumba, mbele ya kioo, bila kumwongezea kazi ya kutafuta mizani. Akishaipata sauti, hapo ndipo mpira, kusimama na hata kutembea vinapofaa, kwa kuwa uwanjani wakati wa mapumziko hakuna atakayemwambia aketi wima kwanza ndipo aseme. (Mtazameni pia meno ya mbele: kama yameng'oka karibuni, sehemu ya kithembe hicho huenda ikapungua mapya yakiota.)

Mpira hupendwa zaidi kwa watoto wasiotulia. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2003 uliwafuatilia wanafunzi wenye shida ya kutulia waliokalia mipira darasani, nao walibaki mahali pao zaidi na kuandika maneno mengi yanayosomeka. Lakini watoto hao walikuwa watatu tu, kilichopimwa kilikuwa maandishi, si matamshi, na tafiti zilizofuata hazikupata matokeo yanayolingana. Kwa hiyo mimi husadiki masikio kuliko sifa za mpira: katika kipindi kimoja mtoto akae kwenye kiti, katika kingine kwenye mpira, maneno yawe yaleyale, na ihesabiwe ni mara ngapi "s" imetoka safi kwa dakika tano. Akipewa kuchagua mwenyewe, achague kati ya viti viwili, kwani vikiwa vitano kipindi kitaishia katika kuchagua.

Kulala kifudifudi huwasaidia baadhi kutuliza mwili, ila shingo huchoka upesi, na mwezi wa sita na wa saba sakafu ya saruji hapa Lubumbashi ni baridi mno. Mkeka peke yake hautoshi, ongezeni blanketi. Mtoto mwenye kiwiliwili dhaifu, kwa mfano aliyepooza ubongoni, asiwekwe juu ya mpira kwa kufuata wenzake. Yeye anahitaji kiti chenye egemeo la mgongo na la ubavuni, na kinezi, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ashirikishwe kukichagua.

Nyumbani, msinunue bado. Kigoda cha jikoni kinachomwezesha kukanyaga chini, pamoja na kioo, vinatosha kwa dakika kumi za mazoezi kila jioni. Ortofonisti akiupendekeza mpira baadaye, mtoto aujaribu dukani kabla hamjalipa, na msiujaze upepo hadi ukakaza, maana mpira uliolegea kidogo hauponyoki upesi.