Re: Kaka anasahau kila kitu tangu ajali ya bodaboda
Pole sana dada. Kaka yako kukumbuka mechi za zamani na kusahau kama amemeza dawa asubuhi si ukaidi: jeraha la kichwa mara nyingi huvuruga uwezo wa kuhifadhi mambo mapya, ya zamani yakabaki. Acheni kumhoji "nilikwambia nini?" Mpeni jibu tu, hata mara ya kumi (inachosha, najua).

Mume wangu naye husahau hivyo hivyo, na ana daftari dogo mfukoni mwa shati, kalamu imefungwa kwa uzi. Akimeza kidonge anatia alama papo hapo. Simu humlilia saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Akichoka husahau zaidi, kwa hiyo mambo ya benki tunayamaliza asubuhi.

Kaka yako kichwa kikizidi kumuuma, akitapika au kusinzia ovyo, mkimbizeni hospitali.