Mama mkwe alisema kweli kuhusu merikani

SWALI: Baharia, shikamoo. Binti yangu wa pili amepata nafasi ya kusoma Massachusetts na anaondoka Agosti. Kila nikiuliza huko ni wapi naambiwa "ni Marekani tu, mama". Marekani mimi naijua ya kwenye televisheni. Kuna watu gani huko, na baridi yake ni ya kiasi gani? Tena mama mkwe wangu ameshikilia kwamba kitambaa cha merikani kilitoka huko huko, na watoto wanamcheka. Ni kweli au ni maneno ya wazee?
– Mama wa watatu, Majengo

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera. Nianze na mama mkwe wako, maana kuna watu wanaotakiwa kwenda kumtaka radhi.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, kitambaa chochote kizito kisichopaushwa alikiita merikani, hata kikiwa kimefumwa Thika. Alikipima kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na mwenye duka akitoa mkono wake mfupi kulizuka maneno. Ami yangu alikishona matanga. Godoro letu la sufi lilivikwa hicho hicho. Jina hilo halikuokotwa. Kitambaa kilikuja kwa merikebu kutoka Salem, mji mdogo wa bandari kaskazini ya Boston, huko huko Massachusetts.

Tarehe 21 Septemba 1833 mjumbe wa Marekani aitwaye Edmund Roberts alifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, huko Maskati. Ushuru ukawekwa asilimia 5 ya mzigo ulioteremshwa, basi. Mwaka 1837, mwaka ule ule watawala wetu wa ukoo wa Mazrui walipoishiwa nguvu hapa Mvita, yaani Mombasa, akafika Unguja balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mtu wa Salem. Alikuwa balozi na mfanyabiashara kwa pamoja: asubuhi bendera, mchana mizani. Waliteremsha majora ya merikani, wakapakia pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi, ule utomvu mgumu wa mti. Sandarusi ile ilisafishwa Salem na kuwa vanishi ya kupaka samani za matajiri. Na watu wetu walipenda merikani kuliko kitambaa cha Mwingereza kwa sababu ilikuwa nzito na haikujazwa wanga. Ukiifua haigeuki chandarua.

Lakini pamba yenyewe haikuota Massachusetts, huko ni baridi mno. Ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini. Massachusetts ilikwisha kuachana na utumwa kwa uamuzi wa mahakama yake mwaka 1783, na watu wake walihubiri dhidi ya utumwa kwa sauti kubwa, huku mashine za Lowell na Salem zikizungushwa na pamba ya mtumwa. Kisha jora likaja kwetu, likalipia pembe, na pembe ile wakati mwingine ilifika pwani kichwani mwa mtumwa mwingine. Mimi kila nikilikumbuka godoro la bibi naliona hilo pia. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, ndivyo vilivyokata pamba, na Bombay na Uingereza zikachukua soko. Jina likabaki.

Sasa jimbo lenyewe. Ni dogo. Ukijumlisha na maji yake ni kama kilomita za mraba 27,000, yaani Kaunti ya Tana River inalimeza. Ila Tana River ina watu laki tatu na ushei, na Massachusetts ina milioni 7, wengi wao wakiwa wamesongamana upande wa mashariki, kando ya bahari. Ukilitazama kwenye ramani utaona mkono umetoka baharini, umekunjwa kwenye kiwiko na ngumi imefumbwa: hiyo ndiyo Cape Cod. Kwenye ngumi, mwaka 1620, ndipo Waingereza wa meli ya Mayflower walipotia nanga kwanza kabla ya kwenda Plymouth. Wenyewe wa nchi, Wawampanoag, walikuwepo, na wapo hadi leo. Jina la jimbo ni la kabila jirani yao, Wamassachusett. Maana yake inahusu kilima kikubwa, vilima vya bluu unavyoviona kusini ya Boston. Magharibi kuna milima ya Berkshire, ambayo ukubwa wake haumtishi mtu aliyeona Taita, lakini Oktoba majani yake huwa mekundu na manjano mpaka watu husafiri kuyatazama.

Boston ndio mji mkuu, na hapo mtu wa Mombasa hapotei. Boston ya zamani ilikuwa karibu kisiwa, imeshikwa na bara kwa shingo nyembamba ya ardhi, mfano wa Makupa wetu. Wakaona hapatoshi. Kuanzia 1858 wakaleta changarawe kwa treni usiku na mchana na kuijaza ghuba iliyokuwa nyuma ya mji. Mtaa wa Back Bay, wenye nyumba ghali leo, ulikuwa matope ya kupwa na kujaa. Na maji yao yanapwa hasa! Tofauti ni kama mita 3, karibu na bamvua letu la Kilindini.

Mimi nilifika pale mara moja tu, Februari moja katika miaka ya themanini, nikiwa kwenye meli ya mizigo. Kamba za kufungia meli ziliganda zikasimama kama nondo. Tulizigonga kwa nyundo ndipo zikapinda. Kuli mmoja mzee, babu zake Waairishi kama wengi wa pale, aliniambia kuna "kaa" inakuja kutuchukua. Nikafurahi. Wamarekani wote niliokutana nao kabla walikunja ulimi kwenye ile herufi "r" mpaka sielewi. Huyu alitamka gari kwa Kiingereza kama tunavyotamka sisi hapa. Watu wa huko wana sifa ya ukavu: hawakusalimu njiani, hawakuulizi habari za nyumbani. Binti asidhani wamemchukia. Yule kuli hakunisalimu hata siku moja, lakini siku ya tatu alinivulia glavu zake akanipa, akaenda zake bila neno.

Baridi, basi, ni ya kweli. Januari usiku hushuka chini ya sufuri kama kawaida, na Februari 1978 theluji ilianguka Boston karibu sentimita 70 kwa dhoruba moja, magari maelfu yakakwama barabarani. Koti zito mnunulie Kongowea kwenye mitumba. Ni rahisi, kwani hapa nani analitaka? Viatu asinunue hapa, akanunue huko, visivyopitisha maji.

Akipata nafasi aende Salem. Watu humwambia mgeni habari za wachawi tu: kweli, mwaka 1692 walinyongwa watu 19 kwa tuhuma za uchawi, na mzee mmoja akakandamizwa kwa mawe hadi akafa. Yeye aende makumbusho ya Peabody Essex. Yalianzishwa mwaka 1799 na manahodha, na ili uingie chama chao ilibidi uwe umeizunguka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Manahodha wa aina hiyo ndio waliomletea bibi yangu jina la kitambaa chake.

SWALI: Baharia, ni kweli mpira wa kikapu ulianzia Massachusetts?
– Kijana wa Bamburi

JIBU: Kweli. Mji wa Springfield, 1891, mwalimu James Naismith, vikapu vya kutilia matunda ya pichi. Kila mpira ukiingia mtu anapanda ngazi kuutoa. Na voliboli ilianzia Holyoke, jirani yake, mwaka 1895. Lakini sisi tuna deni letu huko: mwaka 1988 Ibrahim Hussein alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio za marathoni za Boston, akarudia 1991 na 1992.

SWALI: Mjomba wangu yuko New Bedford na anasema jirani zake ni Wareno. Wareno wanatafuta nini Marekani?
– Msomaji, Mtongwe

JIBU: Samaki. Meli za kuwinda nyangumi za New Bedford zilipita visiwa vya Azores na Cape Verde kuchukua mabaharia, nao wakaleta jamaa zao. Nyangumi wakaachwa, siku hizi bandari ile inatajirika kwa kombe wa baharini. Wareno ni hao hao wa Ngome ya Yesu, naam, ila wa huko hawana mizinga. Mwambie mjomba awaulize wanavyompika pweza, kisha aniandikie.