Usivuke bahari mapema: nilivyowatafuta mababu wa wanangu

Mwanangu wa kwanza alichukua jina la baba mkwe wangu, jinsi sisi Wagikuyu tufanyavyo, na wa pili akachukua la baba yangu. Mama mkwe alipopata habari hiyo alinyanyuka kimya, akarudi na Biblia kubwa ya familia iliyochakaa jalada. Kurasa za mwanzo zilikuwa na majina ya vizazi vinne, na utaratibu ulikuwa uleule: kifungua mimba wa kiume jina la babu mzaa baba, anayemfuata jina la babu mzaa mama. Tofauti niliiona kwa mabinti tu. Wao huanza na nyanya mzaa mama, sisi mzaa baba.

Tunaishi Pennsylvania. Ukoo wa mume wangu ni wa wale Waskoti waliohamishiwa Ulster, kaskazini mwa Ayalandi, katika karne ya 17, kisha wajukuu zao wakaja Marekani. Nimewatafuta kwa miaka sita, na tulio wengi tuliooa au kuolewa huku tuna watoto watakaouliza siku moja. Kwa hiyo naandika.

Nilianza vibaya. Nilikuta kwenye intaneti mti wa ukoo uliochorwa na mtu nisiyemjua, wenye jina letu hasa, uliofika hadi kijiji kimoja cha County Antrim. Niliunakili wote usiku mmoja. Mwaka mzima nikawa namfuata babu wa watu wengine. Yule wa Antrim alizikwa hukohuko Ayalandi, na wetu miaka hiyohiyo alikuwa analipia kodi shamba lake hapa Pennsylvania. Niliumia sana, maana nilikwisha kuwasimulia watoto.

Ndiyo maana nasema usivuke bahari mapema. Anza na mtoto wako, rudi nyuma kizazi baada ya kizazi, na kila hatua iwe na karatasi. Sensa ya Marekani kuanzia 1850 inamtaja kila mtu huru katika nyumba na mahali alipozaliwa. Zile za 1790 hadi 1840 zinataja mkuu wa nyumba peke yake. Mke na watoto ni tarakimu tu. Hapo utahitaji wosia na hati za ardhi katika mahakama ya kaunti. Kama babu alipigana vita vya uhuru wa Marekani, tafuta jalada lake la pensheni. Sheria ya 1832 iliwataka wazee wale waeleze mahakamani walivyotumika, na wengi walitaja walikozaliwa.

Orodha ya abiria wa meli usiitegemee. Pennsylvania ilianza kuandikisha wageni wanaoshuka bandarini mwaka 1727, lakini wageni walikuwa Wajerumani. Watu wa Ulster walikuwa raia wa mfalme yuleyule wa Uingereza aliyeitawala Pennsylvania, basi hawakuandikwa. Sheria ya kuzitaka meli zote zilete orodha ilikuja 1819, na wimbi kubwa la watu hawa lilipita kati ya 1717 na 1775. Mtu akikutajia meli ya babu yako ya mwaka 1740, mwombe ushahidi.

Sababu za kuondoka zilikuwa nyingi: kodi za mashamba zilipandishwa mikataba ilipokwisha, ukame ukaja, na sheria ya 1704 ikawafungia Wapresbiteri, ambalo ndilo lilikuwa dhehebu lao, vyeo vya serikali. Kwa nini wengi walishukia huku, jibu ni mbegu. Wakulima wa Ulster walikuwa waking'oa kitani kabla mbegu hazijakomaa ili nyuzi ziwe laini, kwa hiyo kila mwaka walihitaji mbegu kutoka nje. Meli zilizipakia Philadelphia, zikazishusha katika bandari za Ulster, yaani Derry, Belfast na Newry, na kurudi zimejaa watu.

Na watu hao hawakuja mmoja mmoja. Mwaka 1718 Mchungaji James McGregor wa Aghadowey aliwaongoza waumini wake, na mwaka uliofuata wakaanzisha mji huko New Hampshire ambao baadaye uliitwa Londonderry. Mwaka 1772 Mchungaji William Martin aliondoka na watu waliojaza meli tano kwenda South Carolina. Ukimkosa babu yako, basi, mtafute jirani yake. Nani alishuhudia wosia? Shamba lililopakana na lake lilikuwa la nani? Mabinti waliolewa wapi? Jina letu linaanza na Mc na wenye jina hilo ni maelfu, tena makarani waliliandika Mac, Mc au M' walivyopenda. Lakini shahidi wa wosia wa babu yetu alikuwa na jina adimu. Nilipolifuata hilo adimu, nikayakuta majina yote mawili katika parokia moja ya County Tyrone, kwenye orodha ya wakulima wa kitani ya 1796.

Kanisa nalo usilipite. Mimi nimelelewa PCEA, Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, na hata jina la Thogoto kule Kikuyu limetokana na Waskoti, kwa hiyo kitabu cha kumbukumbu za wazee wa kanisa hakikunitisha. Mpresbiteri aliyehama alibeba barua ya kumtambulisha kuwa mshirika mwema. Jumba la nyaraka za Wapresbiteri lililoko Philadelphia lina vitabu vingi vya makanisa ya zamani.

Upande wa Ayalandi jiandae kwa pengo. Juni 1922 hifadhi ya nyaraka ya Dublin iliteketea vitani, na sensa za 1821 hadi 1851 zikaenda karibu zote, pamoja na wosia. Vilivyobaki ni vya thamani: vitabu vya zaka vya 1823 hadi 1837, uthamini wa ardhi wa Griffith wa 1847 hadi 1864, na hifadhi ya Belfast inayoitwa PRONI.

Meli yetu sijaipata. Mama mkwe ameandika jina la ile parokia ya Tyrone juu ya jina la kwanza katika Biblia yake, kwa penseli. Nilimwomba asitumie wino mpaka nipate karatasi ya pili.