Maswali ya Wasomaji: Gauni la Taa la Atsuko Tanaka

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa sanaa, kutoka Umoja, Nairobi. Mwalimu wetu alitutajia Mjapani aliyevaa gauni la taa za umeme. Nataka kutengeneza langu kwa maonyesho ya chuo. Alitumia balbu ngapi, nami naweza kutumia za kawaida?

JIBU: Huyo ni Atsuko Tanaka, aliyezaliwa Osaka mwaka 1932 na kufariki 2005. Gauni hilo alilivaa 1956 kwenye maonyesho ya Gutai, kundi la wasanii wa Japani, mjini Tokyo. Lilikuwa na balbu na mirija ya taa ipatayo 200, iliyopakwa rangi kwa mkono, zikiwakawaka kuanzia kichwani hadi karibu na miguu. Lisipovaliwa, lilining'inizwa darini.

Balbu za kawaida achana nazo. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 240, na jasho na waya uliochubuka haviketi pamoja. Tena piga hesabu: balbu 200 za wati 25 ni wati 5,000, ilhali soketi ya ampea 13 hubeba wati 3,120 tu. Rangi nayo ikipakwa kwenye kioo cha moto huungua, hunuka na kubanduka.

Nunua ukanda wa taa za LED wa volti 12, ule wa wati 4.8 kwa mita. Luthuli Avenue, Nairobi, umejaa tele, kwa roli za mita 5. Roli mbili hula wati 48, yaani ampea 4. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 (kipimo cha umeme inaohifadhi) itazibeba kwa saa moja na ushee, na uzito wake ni kilo mbili na kidogo, ifunge kiunoni.

Wengi hukosea hapa: huunga roli ya pili mwishoni mwa ya kwanza. Shaba ya ukanda ni nyembamba, kwa hiyo mwanzo hupata joto na mwisho hufifia. Kila roli iwe na nyaya zake kutoka kwenye betri. Weka fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na ncha chanya, maana betri ndogo hivyo inaweza kuyeyusha waya ikipigwa shoti. Kata ukanda kwenye alama zake za kukatia pekee.

Gundi ya nyuma usiitegemee, jasho litaibandua. Shonea ukanda kwenye ovaroli ya pamba, na acha waya mlegevu kwenye viwiko na magoti, kwani ndipo lehemu hukatika kwanza.

SWALI: Kwa nini baadaye Tanaka alichora miduara na mistari tu? Na kabla ya gauni alifanya nini? (Msomaji, Kawangware)

JIBU: Tazama michoro aliyoifanya wakati wa gauni hilo: mduara ni balbu, mstari ni waya. Aliukuza mpangilio huo kwenye turubai kwa miongo kadhaa, na kwa maoni yetu picha hizo hazipewi heshima inayozistahili.

Kabla ya hapo, 1955, alitandaza kengele 20 za umeme kwenye waya wa mita 40, moja kila mita 2. Mtazamaji akibonyeza swichi, zililia moja baada ya nyingine, sauti ikikimbia mbali naye kisha kumrudia. Ukitaka kuiga, kengele nane za betri zatosha, ila lazima kuwe na swichi ya kuzunguka inayozigusa kwa zamu. Zikilia zote pamoja, utakuwa umepata kengele ya shule tu.