Jibu: Riale ya Maria Theresa ya 1780, ni adimu?
Ndugu, umeuliza kama riale yako, ile sarafu ya zamani ya madini ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ni adimu na kama uisugue ing'ae kabla ya kuiuza. Usiisugue! Hata kwa kitambaa laini. Ule weusi wa miaka mingi wakusanyaji wanaupenda. Ukiuondoa, bei inashuka papo hapo.

Mwaka usikudanganye. Maria Theresa alifariki 1780, lakini sarafu zake ziliendelea kutengenezwa kwa tarehe ileile: Vienna, London, Roma, hata Bombay. Kwa hiyo nyingi zilizo mikononi mwa watu ni za baadaye sana, ingawa madini yake ni fedha ya kweli.

Ipime: gramu 28 na nukta kidogo. Sumaku ikiivuta, pole, umeuziwa chuma. Kisha angalia ukingoni, pawe na maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA (haki na huruma). Ukingo mtupu mimi siununui.