Kaka anataka nisaini mkopo wa nyumba yake

Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi, nina miaka 31, naishi Leicester, Uingereza. Kaka yangu mkubwa na mkewe wamepata nyumba ya pauni 280,000, lakini benki inasema mishahara yao haifiki. Anataka niingie kwenye mkopo. Amenipa njia mbili: jina langu liandikwe kwenye hati pamoja nao, au nisaini mkopo tu bila kuwemo kwenye hati, ili nisipoteze nafuu ya mnunuzi wa mara ya kwanza. Mimi nami naweka akiba kwenye Lifetime ISA, akaunti ambayo serikali huongezea akiba ya kununua nyumba ya kwanza, natarajia kununua kijumba changu baada ya miaka miwili. Kaka ndiye aliyenilipia ada na nauli ya kuja huku. Mama ameshanipigia kutoka Tanga, anasema mbona nyumba ya marehemu baba pale Chumbageni tumeandikishwa watoto wote watatu na hatujagombana hata siku moja. Nikikataa nitaonekana nimewatupa. Nifanyeje?
Mdogo Mtu

Marahaba, mwanangu.

Kaka yako tutamfikia, lakini tuanze na mama, maana bila kukusudia ndiye aliyegusa penyewe. Kwa sheria ya ushuru wa stempu ya huko England, yaani kodi anayolipa mnunuzi wa nyumba, mnunuzi wa mara ya kwanza ni mtu ambaye hajawahi kumiliki nyumba ya kuishi, wala fungu la nyumba, popote duniani. Hawaangalii kama uliinunua, ulipewa au uliirithi. Kama hati ya Chumbageni imeshahamishwa kutoka jina la marehemu na sasa ina majina yenu matatu, basi hiyo nafuu unayoilinda huenda umeshaikosa, na kaka yako pia. Mirathi ingekuwa bado haijagawanywa jibu lingeweza kuwa jingine, kwa hiyo kabla ya lolote mpelekee wakili wako wa England nakala ya hati na makaratasi ya mirathi, umuulize umesimama wapi.

Najua wapo watakaokunong'oneza kwamba Tanga ni mbali, nani atajua. Usiwasikilize. Utakuwa unasaini tamko la kodi, na muuguzi mwenye leseni ya kazi hana sababu ya kuweka jina lake kwenye tamko la uongo kwa ajili ya pauni elfu chache.

Maana ukitazama hesabu, hasara yenyewe si ya kukunyima usingizi. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, nyumba ya pauni 280,000 mnunuzi wa mara ya kwanza hatozwi kitu. Mnunuzi wa kawaida anatozwa pauni 4,000. Kinachouma ni ile nyongeza ya anayenunua huku ana nyumba nyingine: asilimia 5 ya bei nzima, yaani pauni 14,000 zaidi. Fungu lako la Chumbageni likithaminiwa chini ya pauni 40,000, kwa nyongeza hiyo halihesabiwi. Kwa nyumba ya kawaida ya Tanga iliyogawanywa kwa watatu, nadhani mtapita, ila pateni tathmini ya maandishi.

Sasa tuje kwenye njia mbili za kaka.

Njia ya kwanza, jina kwenye hati, ifute kabisa. Fungu lako katika nyumba ya Leicester likifika pauni 40,000, siku utakayonunua kijumba chako, kikiwa cha bei kama hiyo ya kaka, utalipa 18,000 badala ya 4,000. Tena kwa kuwa hutaishi humo, nyumba ikiuzwa kwa faida fungu lako linaweza kudaiwa kodi ya faida, wakati kaka na wifi yako wanaoishi humo kwa kawaida hawadaiwi.

Njia ya pili ipo kweli na mabenki kadhaa huko yanaikubali: mshahara wako unaingia kwenye hesabu ya mkopo, jina lako haliingii kwenye hati. Kaka hakudanganyi anaposema haikufanyi mmiliki. Ambacho pengine naye hajakielewa ni upande wa deni. Mkiwa watatu kwenye mkopo, benki haikudai theluthi. Kila mmoja anadaiwa lote. Wifi akijifungua na mshahara ukapungua, au wao wawili wakaachana (Mungu apishe mbali, lakini hutokea), benki itakugongea wewe mlango, na hiyo nyumba huna hata dirisha lake moja. Ndiyo maana benki nyingi hudai upate ushauri wa wakili wako mwenyewe, asiye wa kaka, kabla hujasaini. Wakili huyo usimwone kama mhuri wa kupitisha karatasi. Kaa naye, muulize.

Na kuna hili linalogusa mpango wako moja kwa moja. Baada ya miaka miwili ukienda kuomba mkopo wako, deni la kaka litakuwa kwenye rekodi yako, na benki nyingi zitahesabu rejesho lote kana kwamba unalilipa wewe, hata kama kaka hajawahi kuchelewa mwezi mmoja. Kutoka nako si kusema basi. Lazima benki ikubali, na itakubali tu kama mishahara ya wawili wanaobaki inatosha. Leo haitoshi. Nani amekuahidi kwamba itatosha?

Kwa hiyo ushauri wangu ni usisaini, maana nyumba unaitaka karibuni. Ungeniambia huna mpango wa kununua kwa miaka kumi, na kwamba unaweza kulibeba rejesho lote peke yako hata kwa mwaka mzima, ningesema njia ya pili inazungumzika.

Kuhusu Lifetime ISA: usiivunje kwa huruma ili umchangie kaka. Ukiweka 4,000 serikali inaongeza 1,000, lakini ukizitoa kwa jambo lisiloruhusiwa wanakata asilimia 25 ya zote. Unabaki na 3,750, pungufu ya ulichoweka. Na wakili akithibitisha kuwa wewe si mnunuzi wa mara ya kwanza, fedha hizo hazitanunua nyumba bila makato hayo. Zitakungoja ufike miaka 60. Basi acha kuongeza humo mpaka upate jibu lake, akiba ya nyumba iweke pengine.

Kaka usimjibu kwa ujumbe wa simu. Nenda kwake, wifi awepo, na usianze na hapana. Anza na habari ya Chumbageni, maana inawahusu leo kuliko inavyokuhusu wewe: wanunuzi wakiwa wawili na mmoja si wa mara ya kwanza, nafuu inawapotea wote. Kama hawajatenga zile pauni 4,000, watazishtukia wiki ya kukabidhiwa funguo. Hapo tayari umemfaa. Kisha sema: "Kaka, ulichonifanyia sijakisahau na sitakisahau. Mkopo siwezi kuusaini, kwa sababu nikiusaini wangu sitaupata. Lakini kwenye dipoziti nitachangia kiasi hiki." Taja kiasi ambacho hutakidai, na uwe tayari benki ikutake barua ya kuthibitisha kwamba ni zawadi. Dipoziti ikinenepa, mkopo unapungua, na huenda mishahara yao ikafika. Isipofika, basi nyumba hiyo ni kubwa kwao kwa sasa, na hilo si kosa lako.

Atanuna. Mpe muda. Aliyekulipia ada hakukuandikia kwamba utarudisha kwa miaka thelathini ya rejesho la benki, na akitulia atalikumbuka hilo mwenyewe.

Na mama mpigie wewe, usiku huohuo, kabla kaka hajampigia.